Watu Wanaongezeka, Ardhi Haiongezeki: Somo la Ujenzi wa Makaazi na Huduma katika Mkoa wa Mjini Magharibi

Masuala matatu hayakosi kuulizwa katika mikutano ya Wadi zetu. La kwanza, kwa nini maji ya bomba hayafiki. La pili, kwa nini mvua ikinyesha maji huingia ndani ya nyumba ambazo miaka michache iliyopita hayakuwa yakiingia. La tatu, kwa nini gari ya taka haipiti mtaani ilhali wakaazi wako tayari kulipa ada. Ni masuala ya haki, na kila moja lina ofisi yake inayopaswa kulijibu. Hata hivyo, yote matatu yana chanzo kimoja: tumekuwa wengi kwa haraka, na mara nyingi tumejenga kabla ya njia, mtaro na bomba kufika.

Makala hii imeandaliwa iwe somo la kusomwa nyumbani na kujadiliwa katika mikutano ya Shehia. Inaeleza hesabu za watu, historia fupi ya mji, namna ardhi na maji ya kisiwa chetu vinavyofanya kazi, na hatua ambazo mkaazi anaweza kuzichukua kabla hajanunua kiwanja na hata baada ya kujenga.

Sensa inatueleza nini

Sensa ya Watu na Makaazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima. Miaka kumi kabla, katika Sensa ya 2012, walikuwa 1,303,569. Kasi ya ongezeko ni asilimia 3.7 kwa mwaka, juu ya wastani wa Tanzania nzima ambao ni asilimia 3.2. Kasi hiyo ikiendelea bila kubadilika, idadi ya watu huongezeka maradufu katika muda wa miaka 19 hivi. Kwa maneno mengine, mtoto anayezaliwa leo atakapomaliza masomo yake ya sekondari atakuta karibu watu wawili mahali ambapo leo yupo mmoja.

Ongezeko hilo halikugawanyika sawasawa. Kisiwa cha Unguja kina watu 1,346,332, na kati yao 893,169 wanaishi katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Hiyo ni sawa na watu wawili katika kila watatu wa Unguja, katika mkoa ambao ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 230 tu. Mwaka 2012 mkoa huo ulikuwa na watu 593,678. Kwa hiyo ndani ya miaka kumi waliongezeka watu 299,491.

Tuigawe hesabu hiyo ili tuielewe vizuri. Baina ya usiku wa Sensa ya 2012 na ule wa Sensa ya 2022 zilipita siku zipatazo 3,650. Ukigawa ongezeko lote kwa siku hizo utapata watu 82 kwa siku. Tukichukulia kwamba kaya moja ina watu watano, basi mkoa huu ulihitaji nyumba mpya 16 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa muda wa miaka kumi mfululizo. Kila nyumba kati ya hizo ilihitaji njia ya kuifikia, maji, umeme, choo, nafasi ya watoto skuli, na mahali pa kutupa taka.

Lililo muhimu zaidi kwa somo letu ni pale watu hao walipokwenda kuishi. Wilaya ya Mjini, yenye Mji Mkongwe na mitaa ya zamani ya Ng'ambo, haikuongezeka. Ilipungua kutoka watu 223,033 mwaka 2012 hadi 219,007 mwaka 2022. Eneo la Magharibi, ambalo sasa ni wilaya mbili za Magharibi A na Magharibi B, lilipanda kutoka watu 370,645 hadi 674,162. Kuna njia nyepesi ya kuupima uzito wa hesabu hii: Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu 354,815 katika Zanzibar yote, Unguja na Pemba. Eneo la Magharibi peke yake leo lina watu karibu mara mbili ya hao.

Mji ulivyovuka daraja

Mji wa Zanzibar ulianzia kwenye rasi ya Shangani, ambayo zamani ilizungukwa na maji karibu pande zote. Upande wa mashariki ulipita mkono wa bahari, na aliyetaka kwenda shamba alivuka kwa daraja. Jina la Darajani limetokana na daraja hilo, na jina la Ng'ambo limetokana na mitaa iliyokuwa upande wa pili wa maji. Mkono huo wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na leo watu hupita juu yake bila ya kujua kwamba wanatembea palipokuwa bahari.

Serikali zilizopita zilijaribu kuupangia mji huo zaidi ya mara moja. Mwaka 1923 ilitolewa ramani ya mipango miji iliyoandaliwa na Lanchester. Mwaka 1958 ulifuata mpango mwengine wakati wa utawala wa Waingereza. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya umma, na mwaka 1968 wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki waliandaa mpango wa kuijenga upya Ng'ambo. Majumba marefu ya Michenzani na yale ya Kikwajuni na Kilimani ni ushahidi wa kipindi hicho. Mwaka 1982 wataalamu wa China walisaidia kuandaa Mpango Mkuu wa mji. Mji Mkongwe wenyewe ulipata chombo chake cha uhifadhi mwaka 1985, ukapata mpango wake wa uhifadhi mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Funzo la historia hii ni dogo lakini zito. Mipango haikukosekana. Kilichokosekana mara nyingi ni upimaji wa viwanja na utandikaji wa miundombinu unaokwenda kasi moja na watu. Pale kiwanja kilichopimwa kinapochelewa, familia haisubiri. Nyumba ya urithi ina vyumba vinne na warithi tisa, kijana ameoa, na shamba la jamaa lipo Fuoni au Kijitoupele. Atanunua kipande, ataweka msingi, na atahamia kabla ya kupiga plasta. Uamuzi wake unaeleweka. Tabu ni kwamba maelfu ya familia wamefanya uamuzi huohuo, kila moja peke yake, na jumla yake ndiyo mji tunaoishi.

Ardhi tunayoijenga ndiyo inayotulisha

Unguja ina sura mbili. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda wa maweni, wenye udongo mchache juu ya mawe ya matumbawe. Upande wa magharibi na katikati ndiko kwenye udongo wenye kina na rutuba, ndiko kwenye minazi, miembe, mikarafuu na mabonde ya mpunga. Mji umo upande huo wa magharibi, na kila unapopanuka hupanukia juu ya ardhi bora ya kilimo. Ekari za ardhi ambazo baada ya Mapinduzi ziligaiwa kwa wananchi, eka tatu kwa kila familia, zilitolewa ili zilimwe. Sehemu kubwa ya zile zilizo karibu na mji leo ni nyumba.

Ndiyo maana matumizi ya ardhi ya kilimo hayabadilishwi kuwa ya makaazi kwa makubaliano ya muuzaji na mnunuzi peke yao. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na anachokimiliki mwananchi ni haki ya kuitumia. Sheria ya Umiliki na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992 ndiyo inayosimamia haki hiyo, na kuikata ardhi au kuibadilisha matumizi kunahitaji idhini ya mamlaka husika. Karatasi ya mauziano iliyotiwa saini barazani haitoshi kuwa idhini hiyo, hata kama mashahidi ni wengi na waaminifu.

Viwanja 30 au viwanja 22?

Tuchukue mfano wa shamba la eka tatu. Ukubwa wake ni takriban mita za mraba 12,140. Mwenye shamba akilikata lote kwa viwanja vya mita 20 kwa 20 bila ya kuacha kitu, atapata viwanja 30. Akiacha robo ya shamba kwa ajili ya njia, mtaro na sehemu ya pamoja, atapata viwanja 22. Viwanja vinane ndivyo vinavyomshawishi asiache njia.

Sasa tuangalie gharama za viwanja vinane hivyo miaka kumi baadaye. Nyumba zote 30 zimeshahamiwa, na baina ya ukuta na ukuta imebakia njia ya kupita mtu na baiskeli yake. Gari ya zimamoto haiingii. Mgonjwa hubebwa hadi barabarani. Jeneza hupitishwa kwa kuinamishwa kwenye kona. Gari ya taka husimama mbali, na wale walio ndani hutupa taka kwenye shimo au bondeni. Gari ya kunyonya makaro haifiki, kwa hiyo karo lililojaa huachwa lifurike. Bomba la maji likipasuka, hakuna pa kuchimba bila ya kuvunja ukuta wa mtu. Ili njia ipatikane, nyumba kadhaa lazima zivunjwe na wenyewe walipwe fidia, na fedha za fidia hiyo ni zilezile ambazo zingejenga skuli au kituo cha afya.

Wanaopata hasara katika hesabu hii ni wanunuzi wote 30, kwani kila mmoja alilipia kiwanja kamili akapata kiwanja kisicho na mlango wa nje. Laiti wangekuwa wamekubaliana mapema kuacha njia ya mita sita au nane, thamani ya kila kiwanja ingepanda kuliko kipande cha ardhi walichokiachia.

Mvua moja, mapaa mia moja

Maji ya mvua hayana ugomvi na mtu. Hufuata mteremko, na pale anapojenga mtu kwenye mkondo wake hubadilisha njia na kuingia kwa jirani. Zamani shamba lilikuwa likinywa sehemu kubwa ya mvua. Majani ya miti yalipunguza kasi yake, udongo uliinyonya, na iliyobakia ilikwenda bondeni, ambako ilikaa siku kadhaa kisha ikazama.

Paa la bati lenye ukubwa wa mita za mraba 100 halinywi chochote. Kila milimita moja ya mvua inayoanguka juu yake hutoa lita 100 za maji. Mvua ya masika ya milimita 50 kwa siku si ya ajabu hapa kwetu, nayo hutoa lita 5,000 kwa nyumba moja. Mtaa wa nyumba mia moja utamwaga lita 500,000 kwa siku hiyo kutoka kwenye mapaa tu, mbali na maji ya nyua zilizopigwa saruji. Maji hayo yote huteremka kwa pamoja, na mwisho wa mteremko yupo mtu.

Kwa sababu hiyo, mafuriko ya sehemu kama Mwanakwerekwe, Sebleni na Kibonde Mzungu hayaelezeki kwa kuangalia sehemu hizo peke yake. Maji yanayojaa hapo yameanguka kwenye mapaa ya watu wanaoishi juu, ambao wenyewe huenda hawajawahi kuingiliwa na maji. Serikali imejenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua mjini, ikiwemo ile ya mradi wa huduma za miji uliojulikana kwa jina la ZUSP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mitaro hiyo imesaidia. Lakini mtaro hujengwa kwa kipimo cha maji yanayotarajiwa. Nyumba zikizidi kile kipimo, au watu wakiufanya jaa la taka, mtaro mpya huwa sawa na ule wa zamani. Mfuko mmoja wa plastiki hauzibi mtaro, lakini mifuko ya mtaa mzima huuziba.

Bonde lililofukiwa kwa kifusi nalo ni bonde lile lile. Mwenye kiwanja akifukia bonde lake ili ajenge, maji hayapungui hata tone. Anachokifanya ni kuyahamishia kwa wengine.

Kisima na karo havitakiwi kujuana

Unguja haina mto mkubwa wa kudumu wala ziwa la kutegemewa kwa maji ya kunywa. Maji yetu yamo chini ya ardhi. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliwavutia watu wa mjini maji ya chemchemi za upande wa Bububu kwa mfereji, na tangu wakati huo mji umekuwa ukinywa maji yanayotoka shamba. Leo Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, huyapampu kutoka visima virefu na chemchemi, na kuyapeleka kwenye matangi kabla hayajafika kwetu.

Maji hayo yanatokana na mvua inayozama ardhini. Hapa ndipo ujenzi unapoyagusa kwa njia tatu. Kwanza, saruji na mapaa hupunguza eneo ambalo mvua huzamia, na ndiyo maana Msitu wa Masingini na maeneo mengine ya vianzio vya maji hulindwa yasijengwe. Pili, watu wanapoongezeka, maji yanayotolewa huongezeka. Mtu mmoja akitumia lita 50 kwa siku, ambacho ni kiasi cha wastani tu, watu wanaoongezeka mkoani kwetu kwa mwaka mmoja huhitaji lita milioni moja na nusu zaidi kila siku. Visima vya karibu na pwani vikipampiwa kupita kiasi, maji ya bahari huvutwa na kuingia, na kisima kikishaingia chumvi huchukua muda mrefu kurudi katika hali yake.

Tatu, na hili ndilo lililo karibu zaidi na milango yetu, mawe ya matumbawe yana matundu na nyufa nyingi. Mchanga na udongo huchuja uchafu unapoteremka, lakini kwenye mawe hayo maji machafu huweza kusafiri haraka bila ya kuchujwa. Ushauri wa kawaida wa kiafya ni kisima kiwe mbali na karo au choo kwa mita 30 angalau, na kwenye ardhi ya mawe umbali unapaswa kuwa mkubwa zaidi. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 kilichozungukwa na viwanja vingine kama hicho, umbali huo haupatikani. Karo lako liko mbali na kisima chako, lakini liko karibu na kisima cha jirani, na lake liko karibu na chako.

Tunakumbuka maradhi ya kipindupindu yaliyoanza mwezi wa Septemba 2015 na kuendelea mwaka 2016, yaliyowapata maelfu ya watu katika Zanzibar na kuondoa roho za ndugu zetu. Kipindupindu huenezwa kwa maji na chakula vilivyoingia kinyesi. Hospitali humtibu aliyekwisha kuugua, lakini kinga yake imo katika namna tunavyopanga vyoo, makaro na visima vyetu.

Waya mmoja chini ya bahari

Umeme unatupa funzo la namna huduma zinavyotegemeana. Tangu mwaka 1980 Unguja imekuwa ikipata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwezi wa Mei 2008 umeme huo ulikatika kwa takriban mwezi mmoja. Ulikatika tena mwezi wa Disemba 2009, na haukurudi hadi mwezi wa Machi 2010. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka kwamba kiza hakikuwa tabu kubwa kuliko zote. Tabu kubwa ilikuwa maji, kwa sababu pampu huendeshwa kwa umeme.

Mwaka 2013 ulizinduliwa waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100, zaidi ya mara mbili ya uwezo wa ule wa kwanza wa megawati 45. Uwezo huo ulikuja kwa wakati, lakini watu waliendelea kuongezeka. Ndiyo hali ya miundombinu yote: anayejenga kwa mahitaji ya jana hukuta imeshajaa siku ya kuzinduliwa. Skuli nazo ni hivyo hivyo. Serikali imejenga skuli za ghorofa mjini kwa sababu ardhi ya kutandaza madarasa haipo tena, na pale ambapo eneo la skuli halikutengwa mapema, watoto huvuka barabara kubwa kwenda mtaa mwengine.

Njia iliyojaribiwa: kupima kwanza, kujenga baadaye

Suluhisho halihitaji kila mtu ajengewe nyumba na Serikali. Miaka ya 1970 jijini Dar es Salaam ulitekelezwa mradi wa viwanja na huduma katika maeneo ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Serikali ilipima viwanja, ikachonga barabara na kupeleka maji, kisha wananchi wakajenga wenyewe kwa kadiri ya uwezo wao, chumba baada ya chumba. Baada ya miongo minne maeneo hayo yana njia zilizonyooka na nyumba bora kuliko maeneo jirani yaliyojengwa bila ya upimaji, ingawa waanzilishi wake wengi hawakuwa matajiri. Kilichowasaidia ni mistari iliyochorwa ardhini kabla ya msingi wa kwanza.

Hapa kwetu zipo njia mbili zinazokwenda pamoja. Moja ni kujenga kwenda juu, kama ilivyofanyika Michenzani na kama inavyofanyika sasa katika nyumba za ghorofa za mashirika ya umma na katika miji mipya ya upande wa Fumba. Nyingine ni kupima mapema Shehia za pembezoni ambazo bado zina nafasi, kabla ya mashamba hayajakatwa vipande. Mtaa uliokwisha kubanana hutengenezwa kwa gharama kubwa na kwa machozi. Mtaa ambao bado ni shamba hupangwa kwa kamba, vigingi na makubaliano.

Kabla hujanunua kiwanja

Mkaazi anayetaka kununua kiwanja anashauriwa afanye yafuatayo kabla ya kutoa fedha, hata za kishika mkono:

1. Fika kwa Sheha wa eneo hilo na uulize historia ya ardhi hiyo: ni ya nani, ina mgogoro wa mirathi au la, na ilitolewa kwa matumizi gani.
2. Hakiki katika Kamisheni ya Ardhi kama eneo limepimwa na kama limetengwa kwa makaazi. Eneo la skuli, makaburi, barabara au chanzo cha maji haliwi lako kwa kulinunua.
3. Litembelee wakati wa masika. Kiwanja kinachouzwa kwa bei rahisi mwezi wa Januari huenda ni bwawa mwezi wa Aprili. Waulize majirani maji hufika wapi ukutani.
4. Ifuate njia kwa miguu kutoka kiwanjani hadi barabara kuu, na uulize ni ipi iliyomo kwenye ramani na ipi inapita kwenye kiwanja cha mtu ambaye bado hajajenga.
5. Pata kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi, na uoneshe kwenye mchoro mahali pa karo na mahali pa kisima. Kwa nyumba zilizomo Mji Mkongwe, hata ukarabati mdogo unahitaji idhini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Ikiwa umeshajenga

Wengi wetu tumeshajenga, na wengi tumejenga pasipopimwa. Hilo halituondolei haki ya huduma wala halituondolei wajibu. Majirani wanaweza kukaa na Sheha wao na kukubaliana kurudisha nyuma ua kwa mita moja kila upande ili njia ipatikane, kabla ya ukuta wa saruji haujawekwa. Anayeezeka anaweza kuweka mfereji kwenye paa na kukinga maji ya mvua katika tangi. Lita 5,000 za siku moja ya masika ni maji ya kufulia na kumwagilia kwa siku nyingi, na ni maji yasiyokwenda kwa jirani wa chini. Uwani pakibakishwa udongo na mti, mvua hupata pa kuzamia. Karo linyonywe kabla halijafurika, na mtaro wa mbele ya nyumba usafishwe mwezi wa Februari, kabla ya masika.

Wajibu wa Baraza nao umo. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 2014, mabaraza yana jukumu la usafi, njia za ndani na upangaji wa huduma katika maeneo yao. Mkaazi anayo haki ya kumuuliza Diwani wake ni Shehia zipi zimo katika mpango wa mwaka, ni mitaro ipi itakayosafishwa, na ni maeneo yapi ya wazi yaliyotengwa yasijengwe. Masuala hayo yaulizwe mapema, wakati bajeti inapoandaliwa, kwani baada ya mvua majibu huwa ni pole tu.

Masuala ya kujadili katika mkutano wa Shehia

1. Katika Shehia yetu, ni maeneo gani bado ni wazi, na yametengwa kwa ajili ya nini? Nani anayalinda?
2. Maji ya mvua ya mtaa wetu huelekea kwa nani? Je, tumewahi kukaa nao?
3. Zipo njia ngapi ambazo gari ya wagonjwa haiwezi kupita, na ipi kati ya hizo inaweza kupanuliwa mwaka huu kwa makubaliano ya majirani?
4. Ni visima vingapi vilivyo karibu na makaro, na maji yake yamepimwa lini?
5. Ikiwa watu wa Shehia yetu wataongezeka maradufu, watoto wao watasoma wapi, na maiti wetu watazikwa wapi?

Suala la mwisho lisionekane la mbali. Kwa kasi ya sasa, muda wake ni miaka 19, na ardhi ya kulijibu ni hii tuliyonayo leo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Shehia zetu nyingi ufa bado unazibika, kwa kigingi kimoja cha njia na kwa majirani kukubaliana kabla ya tofali la kwanza.